Raha, kuridhika au maana: uanzie wapi kutafuta furaha?

Mtu akisema anataka furaha, bado hajasema anataka nini. Lugha yetu imeshayatenga mambo haya zamani. Raha ni ya mwili na ya saa ileile: maji baridi kooni baada ya kutembea juani, usingizi usiokatizwa. Kuridhika ni hukumu: unayatazama maisha yako kwa jumla, unayapima na uliyoyatarajia, unasema yanatosha au hayatoshi. Maana ni kujua kwamba jasho lako linamfaa mtu au linasogeza jambo, hata siku ambayo hukucheka hata mara moja. Yote matatu tunayaita furaha, na hapo ndipo dawa zinapochanganywa. Aliyepungukiwa maana anajiongezea raha, aliyechoka mwili anaambiwa ashukuru, na mwaka unakwisha hali ikiwa ileile.

Hapa chini tunayaweka bega kwa bega: kila moja linatoa nini, linadai nini, linaharibikia wapi, na nani aanze na lipi.

Kwanza jipime

Usichague kabla hujajua kilichopungua. Vipimo vitatu vinatosha, na vyote vinaingia kwenye kurasa mbili za daftari.

Kuridhika hupimwa kwa ngazi aliyoibuni mwanasaikolojia wa Marekani Hadley Cantril, ileile inayotumika kupanga nchi katika Ripoti ya Furaha Duniani, iliyoanza kutolewa 2012. Fikiria ngazi yenye vidato kuanzia 0 chini hadi 10 juu. Kidato cha 10 ni maisha bora kabisa unayoweza kuyapata wewe, 0 ni mabaya kabisa. Andika kidato ulichosimama leo. Anayetaka kipimo kipana zaidi anaweza kutumia dodoso la Ed Diener na wenzake la mwaka 1985: sentensi tano, kila moja hupewa alama 1 hadi 7, jumla huangukia kati ya 5 na 35, na 20 ndiyo katikati.

Raha haipimwi hivyo, kwa sababu kumbukumbu hudanganya. Ukiulizwa wiki yako ilikuwaje, unakumbuka kilele chake na mwisho wake, katikati yote imeyeyuka. Raha ipime papo hapo. Kwa siku saba, mara tatu kwa siku, kwa saa ulizozipanga mapema, andika mambo matatu: hali ya moyo kwa alama 0 hadi 10, ulichokuwa ukifanya, na uliyekuwa naye. Utapata mistari 21. Usiishie kwenye wastani. Tafuta mistari mitano ya juu kabisa na mitano ya chini kabisa, uone ni shughuli zipi na watu gani wanaojirudia. Wengi hushangaa hapo, maana jambo walilodhani linawastarehesha hukutwa kwenye mistari ya chini.

Maana hupimwa kwa swali moja: katika siku hizo saba, nani angepungukiwa kama usingekuwepo, na angepungukiwa na nini hasa? Jibu liwe na mtu na tendo. "Familia inanitegemea" si jibu. "Nilikaa na mdogo wangu mpaka akaweza kujumlisha sehemu peke yake" ni jibu.

Jaza ngazi mchana, ukiwa umekula na umelala. Alama iliyoandikwa usiku wa manane baada ya ugomvi imepima ugomvi, haikupima maisha. Wala usijipime kila siku mwezi hadi mwezi. Iris Mauss na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watu waliosukumwa kuithamini furaha kupita kiasi walifurahi pungufu walipoonyeshwa filamu ya kufurahisha, kwa sababu walivunjwa moyo na hisia zao wenyewe. Pima wiki moja, tenda wiki nane, pima tena.

Angalizo kabla ya kuendelea. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni, au umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, huku usingizi, hamu ya kula au nguvu za mwili zimevurugika, hiyo inaweza kuwa sonona. Ni ugonjwa, unatibika, na ulinganisho huu si tiba yake. Mwone mtaalamu wa afya. Mawazo ya kujidhuru yakikujia usihesabu wiki: mwambie mtu leo, tafuta huduma leo.

Raha: huja leo, huzoeleka kesho

Sifa ya raha ni kwamba haikuchelewi. Kasoro yake ni mazoea: moyo ukipewa shubiri hudai pima. Mwaka 1978 Philip Brickman, Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu 22 wa kawaida, na pia watu 29 waliopooza kwa ajali. Washindi hawakuwazidi watu wa kawaida kwa furaha kwa tofauti ya kuaminika, na mambo madogo kama kuzungumza na rafiki, kifungua kinywa au kichekesho yaliwapa raha pungufu kuliko wenzao.

Utafiti huo hunukuliwa kupita uwezo wake, kwa kuwa ulikuwa mdogo. Mwaka 2020 ulichapishwa mwingine mkubwa zaidi kutoka Sweden. Huo uliwakuta washindi wa zawadi kubwa wakiwa bado wameridhika na maisha yao zaidi hata baada ya miaka kumi na zaidi, ila kwa upande wa furaha na afya ya akili athari ilikuwa ndogo zaidi. Yaani pesa ziliipandisha ngazi, lakini hazikuipandisha hali ya moyo kwa kiasi hichohicho. Ndiyo maana tunasisitiza kupima vitu hivi mbalimbali.

Katika raha, kinachoamua ni mara ngapi, wala si kubwa kiasi gani. Hilo ndilo walilolionyesha Diener, Sandvik na Pavot mwaka 1991. Mwenye vipande vitano vidogo vya raha kila siku yuko mbele ya anayengoja kimoja kikubwa mwisho wa mwaka. Kwa hiyo, kata raha vipande. Leif Nelson na Tom Meyvis waligundua 2008 kwamba mapumziko mafupi katikati ya kukandwa mwili yaliifanya huduma hiyo ipendeze zaidi, ingawa watu wenyewe walitabiri kinyume chake. Pili, acha kidogo: mwaka 2013 Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn waliwazuia baadhi ya watu kula chokoleti kwa wiki moja, na waliporudi kuila waliionja kwa furaha kuliko waliokula walivyotaka. Tatu, fanya jambo moja kwa wakati. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao wanafanya nini na wanawaza nini. Katika asilimia 46.9 ya majibu, mawazo yalikuwa mahali pengine, na mtu ambaye mawazo yake yalikuwa yametangatanga alikuwa na furaha kidogo kuliko aliyekuwa kwenye jambo lake, hata kama jambo lenyewe halikuwa la kupendeza.

Kuna swali la matumizi pia: ukiwa na akiba kidogo ya kujipendezesha, ununue kitu, tukio au muda? Utafiti wa Leaf Van Boven na Thomas Gilovich wa 2003 unaupa ushindi ununuzi wa matukio, kama safari au tamasha, dhidi ya vitu. Lakini kwa mtu aliyebanwa na kazi tungemshauri anunue muda kwanza: amlipe mtu amfanyie kazi anayoichukia kuliko zote. Utafiti wa Ashley Whillans na wenzake wa 2017 uliwapa watu kiasi kilekile cha fedha wikendi mbili, moja wanunue kitu na nyingine wanunue kitu cha kuwaokolea muda. Siku ya kuokoa muda ndiyo waliyoimaliza moyo ukiwa mwepesi zaidi.

Raha huharibika pale inapotumwa kazi isiyo yake. Dalili ni dozi kupanda: kipindi kimoja kimekuwa vitatu, na mistari ya daftari imebaki palepale. Na kabla ya starehe yoyote, uangalie mwili. Mtu mzima asiyepata saa saba za usingizi, au asiyefikisha dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani ambazo Shirika la Afya Duniani linazishauri, aanzie hapo. Mengine yote atayaonja nusu.

Kuridhika: kubadili kipimo

Kidato cha ngazi hupanda kwa njia mbili: kuongeza ulicho nacho, au kubadili unachojilinganisha nacho. Ya kwanza kila mtu anaijua. Ya pili ndiyo inayopuuzwa, ilhali ni ya bei nafuu.

Nguvu ya ulinganisho ilionekana wazi kwa wanariadha wa Michezo ya Olimpiki ya 1992 mjini Barcelona. Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich, waliochapisha kazi yao 1995, waliwaonyesha watu picha za video za washindi wa medali bila kuwaambia matokeo. Waliopata shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata fedha. Wa fedha anaitazama dhahabu aliyoikosa, wa shaba anatazama alivyonusurika kurudi mikono mitupu. Basi andika kwenye daftari: kwenye ngazi yangu, kidato cha 10 kimekaa nani? Kama ni mtu unayemwona kwenye simu tu, ambaye hujui siku yake inaanzaje wala inaishaje, umejiwekea kipimo kisicho na mwisho. Mwondoe, weka hali yako mwenyewe ya miaka mitano iliyopita.

Hatua nyingine ni namna ya kuchagua. Barry Schwartz na wenzake mwaka 2002 waliwatenga wanaotafuta kilicho bora kuliko vyote na wanaotafuta kinachotosha. Wale wa kwanza hawakuridhika na maisha yao kama wenzao, na walijuta zaidi. Kinachotosha hakimaanishi chochote kile. Kabla ya kutafuta, iwe nyumba, kazi au simu, andika masharti matatu yasiyojadiliwa. Cha kwanza kinachoyatimiza yote matatu, chukua, kisha acha kutafuta kabisa: futa matangazo, usiulize bei tena. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida. Daniel Gilbert na Jane Ebert, katika utafiti wa 2002, waliwapa wanafunzi wa upigaji picha wachague moja kati ya picha zao mbili. Walioruhusiwa kubadili mawazo baadaye waliipenda picha yao pungufu kuliko ambao uamuzi wao ulifungwa siku ileile. Mlango ukifungwa, moyo huanza kukipamba kilichomo ndani. Ukiachwa wazi, macho yanabaki nje.

Halafu kuna shukrani, iliyoshauriwa kila mahali na kufanywa vibaya karibu kila mahali. Zoezi lililopimwa na Martin Seligman na wenzake mwaka 2005 ni hili: kila usiku kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu ya kila moja. Matokeo yalionekana hata miezi sita baadaye, hasa kwa walioendelea kwa hiari yao. Watu huiandika orodha na kuiacha sababu, ilhali sababu ni sehemu ya zoezi lenyewe. Linganisha:

"Namshukuru Mungu kwa afya na familia." Ni kweli, lakini ni ileile ya jana na ya kesho, ukifika usiku wa nne mkono unaandika wenyewe.

"Saa kumi jioni mwenzangu alinisubiri mlangoni mpaka nikamaliza kufunga mzigo, hakunihimiza. Sababu: jana nilimwambia mgongo unaniuma, kumbe alisikia." Hii haiwezi kuandikwa siku nyingine yoyote. Inakulazimisha uirudie saa ile, na sababu yake inakuonyesha mtu anayekujali.

Baada ya wiki ya kwanza, punguza hadi mara moja kwa wiki. Katika utafiti wa Sonja Lyubomirsky na wenzake wa wiki sita, waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki walinufaika, waliofanya mara tatu hawakunufaika. Shukrani nayo huzoeleka.

Kuna mahali kuridhika kunageuka kuwa mnyororo, na hapo hatutaki kuficha neno. Mtu anayepigwa, anayenyimwa ujira wake au anayedharauliwa kazini hapaswi kuandikiwa daftari la shukrani. Jiulize: kinachonikera kinatokana na tamaa yangu, au na kosa la mtu mwingine? Kama ni kosa la mtu, kazi yako ni kulisema au kuondoka. Epiktetus, aliyezaliwa mtumwa akawa mwalimu wa falsafa, alifundisha kutenga yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo. Wengi hulikumbuka fungu la pili tu.

Maana: hugharimu, lakini haichakai upesi

Kwa Aristoteli, furaha haikuwa hisia. Ilikuwa namna ya kutenda, kufanya vizuri kazi inayomstahili binadamu, maisha yote. Mtazamo huo unaeleza jambo ambalo raha hailielezi: kwa nini mzazi wa mtoto mchanga, akiwa na mistari ya chini kwenye daftari lake, hawezi kukubali kubadilishana maisha na mtu.

Maana ina bei yake. Roy Baumeister na wenzake walipowachunguza karibu watu 400 mwaka 2013, waliona kwamba afya, unafuu wa maisha na kupata unachotaka vilihusiana na furaha zaidi kuliko na maana. Maana ilikwenda na kutoa, na kuwaza yaliyopita na yajayo, pia na wasiwasi na mikazo mingi zaidi. Anayechagua njia hii akitegemea wepesi atadhani amekosea njia, kumbe yumo.

Tafuta kazi yenye sifa tatu. Iwe ngumu kidogo kuliko uwezo wako wa sasa. Mihaly Csikszentmihalyi aliita hali ya kuzama kabisa katika kazi kwa neno linalomaanisha mtiririko, na hutokea changamoto na ustadi vikilingana, lengo likiwa wazi na majibu yakirudi papo hapo. Uweze kumwona anayefaidika: kutoa kunafurahisha zaidi ukijua msaada umefanya nini. Na uwe umeichagua mwenyewe. Netta Weinstein na Richard Ryan walionyesha 2010 kwamba msaada wa hiari humfaa anayeutoa, wa kushurutishwa haumfai hivyo.

Kiasi kisikutishe. Katika utafiti wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton wa 2008, watu walipewa dola 5 au 20 wazitumie kabla ya jioni. Waliowanunulia wengine walifurahi kuliko waliojinunulia, na kiasi hakikuleta tofauti. Anza na saa mbili kwa wiki, siku ileile, kazi moja tu. Wanaoanza na kazi nne hufika wiki ya tano wamechoka na wana hatia juu yake, kisha wanaacha zote.

Watu: wamo katika yote matatu

Utafiti wa Harvard kuhusu maisha ya watu wazima ulianza 1938, ukawafuata wanafunzi 268 wa chuo hicho na vijana 456 wa mitaa maskini ya Boston hadi uzeeni. Waliokuwa wameridhika na uhusiano wao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Kwa hiyo, lolote ulichagualo kati ya matatu, likiwezekana lifanye na mtu.

Urafiki nao una hesabu yake. Jeffrey Hall alikadiria 2018 kwamba mnayefahamiana naye juujuu huwa rafiki wa kawaida baada ya saa 50 hivi pamoja, rafiki kwa saa 90 hivi, na wa karibu baada ya zaidi ya 200. Saa mbili kwa wiki zinakufikisha 90 kabla ya mwaka kuisha. Anayelalamika kwamba hapati marafiki ukubwani mara nyingi hakukosa watu, amekosa saa zinazojirudia na watu walewale.

Kwa ufupi wa jedwali

| | Raha | Kuridhika | Maana |
|---|---|---|---|
| Matokeo huonekana | Siku ileile | Wiki 1 hadi 6 | Miezi |
| Hudai | Mwili uliopumzika, umakini | Ukweli kuhusu unayejilinganisha naye | Muda, uvumilivu wa mikazo |
| Huharibika kwa | Dozi kupanda | Kuvumilia dhuluma | Kujitwisha mengi |

Basi uanzie wapi?

Ngazi ikiwa 6 au zaidi lakini mistari ya daftari mingi iko chini ya 5, anza na raha, na ndani ya raha anza na usingizi. Mistari ikiwa mizuri lakini ngazi iko chini, tatizo ni kipimo au ni hali halisi ya maisha. Jibu swali la aliyekaa kidato cha 10 kabla ya kuamua ni lipi. Vyote viwili vikiwa sawa na swali la maana halina jibu lenye mtu na tendo, nenda moja kwa moja kwenye saa mbili za wiki. Zikipungua zote tatu, tungekushauri usianze na lolote kati ya hayo peke yako: anza na mtu mmoja.

Chochote utakachochagua, kifunge kwenye jambo unalolifanya tayari, kwa sentensi yenye "nikisha": "Nikisha kula cha jioni, kabla sijainuka, nitampigia dada." Azimio la "nitawasiliana zaidi na ndugu" halina saa wala mahali, ndiyo maana hufa. Katika utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa 2010, tendo jipya lilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati kuwa mazoea, wengine 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wiki nane za kutenda zikiisha, rudia vipimo vitatu, saa zilezile, kwenye daftari lilelile, kabla ya kusoma namba za mwanzo.